Gari Frankfurt, tulirudishe Zürich: mpango huu una makosa wapi?

NyegeziKona

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Tupo wanne: mimi, mke wangu na watoto wa miaka 9 na 13. Tunataka kutumia likizo ya shule ya Juni, siku 11. Mpango ulivyo sasa: ndege Mwanza–Dar–Frankfurt, tulale Würzburg (mji rafiki wa Mwanza tangu 1966, hatuwezi kuupita hivi hivi), tushuke na barabara ya Romantische Straße hadi Füssen, tupumzike Lindau kando ya ziwa Bodensee, kisha turudi kwa ndege kutoka Zürich.

Nilichofikiria ni kuchukua gari uwanja wa ndege Frankfurt na kulirudisha Zürich, pamoja na pasi ya Eurail (ya treni za Ulaya) ya siku 5 kwa siku ambazo hatutaendesha. Dereva ni mke wangu. Kadi ya benki ni yangu, ya ATM ya kawaida yenye nembo ya Visa. Viza tuombe wapi, Ujerumani au Uswisi? Naomba mnisahihishe kabla sijalipia chochote.

RatibaYaReli

Mkuu, vituo umechagua vizuri, ila gari umeliweka pasipo pake. Lichukue Würzburg, lirudishe kabla hamjavuka mpaka. Mwanzo na mwisho wa safari nendeni kwa treni. Ofisi za magari za uwanja wa ndege huongeza tozo yao, na gari ukiliacha nchi nyingine unalipia ada ya kurudishwa kwao, ambayo kwa kukodi siku chache yaweza kuizidi kodi yenyewe. Ndani ya Ujerumani ada hiyo ni ndogo, pengine haipo kabisa. Isitoshe, mtu aliyetoka kukesha kwenye ndege hafai kukabidhiwa usukani upande wa barabara asiouzoea.

Eurail kwako ni hasara. Pasi hiyo inahesabu siku za kusafiri, kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku, nawe una siku mbili tu za treni ndefu. Nunua tiketi moja moja.

Uwanja wa Frankfurt una stesheni mbili. Regionalbahnhof iko chini ya Terminal 1, ni ya treni za karibu. Ninyi mnaitaka Fernbahnhof, ya treni za masafa marefu. ICE, yaani treni ya mwendo kasi, ya moja kwa moja hadi Würzburg ni kama saa moja na nusu. Nauli zipo za aina tatu, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Super Sparpreis ndiyo ya chini: imefungwa kwa treni moja tu na hairudishwi. Sparpreis nayo imefungwa kwa treni moja, ila ukiifuta kabla ya siku ya safari unakatwa ada na kurudishiwa kilichobaki. Flexpreis inapanda treni yoyote ya siku hiyo kwenye njia hiyo. Siku ya kufika na ndege chukua Flexpreis, hata kama inauma. Ndege ikichelewa, tiketi ya bei poa inabaki karatasi, kwa sababu reli haihusiki na ucheleweshaji wa ndege.

Ukichelewa ukiwa tayari ndani ya treni ni habari nyingine. Ikionekana mtafika mwisho wa safari mkiwa mmechelewa dakika 20 au zaidi, tiketi iliyofungwa inafunguliwa na mnaweza kupanda treni nyingine. Mkichelewa dakika 60 mnadai robo ya nauli, dakika 120 nusu. Treni za huko huchelewa kweli, kwa hiyo pa kubadilisha treni acha angalau nusu saa, hata kama programu inakuonyesha dakika 7.

Watoto wako wote wawili wanasafiri bure wakiwa na mzazi (miaka 6 hadi 14), mradi uwaandike wakati wa kununua. Usipowaandika, wanahesabiwa hawana tiketi. Siti hulipiwa kando. Kwa watu wanne na mabegi, lipia.

Na saa: kule 15:00 ni saa tisa alasiri. Usije ukasoma 9:06 ukafika stesheni saa tisa.

Sheli_Mpya

Nizungumzie gari, maana hapo kwenye kadi ndipo mpango wako utakapokwama.

Kampuni za kukodisha huzuia amana kwenye kadi ya dereva mkuu, na nyingi zinataka kadi ya mkopo, si kadi ya ATM, hata ikiwa na nembo ya Visa. Jina kwenye kadi, leseni na pasipoti liwe la mtu mmoja. Kwa ulivyopanga, leseni ya mama na kadi ya baba, mtaambiwa kaunta kwamba gari halitoki, na pesa mliyotanguliza huenda isirudi. Njia ni hizi: mama apate kadi ya mkopo kwa jina lake, au wewe uwe dereva mkuu ikiwa una leseni hai, yeye aongezwe kama dereva wa pili kwa ada ya kila siku. Zipo kampuni zinazokubali kadi ya ATM ukinunua bima yao kamili, lakini si kwa kila gari wala kila kituo. Soma masharti ya kituo chenyewe, maana ukurasa wa kwanza wa tovuti hautoshi.

Hata ukiwa na kadi sahihi, benki nyingi hutuma namba ya uhakiki kwa meseji kwenye laini yako ya Tanzania kila unapolipa mtandaoni. Laini isipofunguliwa kutumika nje, meseji haifiki na malipo hayapiti. Kafungueni huduma hiyo mkiwa bado Mwanza, na muulize benki kiwango cha juu cha matumizi kwa siku nje ya nchi. Amana peke yake inaweza kukimaliza.

Leseni: sheria ya Ujerumani inataka leseni kutoka nje ya Ulaya iambatane na tafsiri au kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali kinatolewa nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kitafuteni kabla ya safari. Kwetu ni kupitia chama cha magari, AAT. Kibali bila leseni halisi hakina kazi, beba vyote. Leseni iwe na angalau mwaka mmoja, na dereva aliye chini ya miaka 25 huongezewa ada.

Bima ya kawaida inayokuja na gari ina kiasi unachobeba mwenyewe kabla haijaanza kulipa, mara nyingi mamia ya yuro hadi zaidi ya elfu. Vioo, tairi, rimu na sehemu ya chini ya gari mara nyingi havimo, na mawe ya ukingo wa barabara za miji ya kale yanakula rimu kwelikweli. Wakati wa kukabidhiwa, zunguka gari ukirekodi video: bampa zote mbili, rimu nne, kioo cha mbele, paa, kipimo cha mafuta na kilomita. Mkwaruzo usioandikwa kwenye karatasi ni wako. Ukirudisha, rekodi tena na ubaki na risiti ya mafuta ya sheli ya karibu.

Ukikodi bila kusema, unapewa la gia za kukanyaga klachi. Otomatiki huagizwa mapema na bei iko juu. Kwa mtu anayehamia upande wa kulia kwa mara ya kwanza, hiyo ni pesa ya kutoa. Na kwa mabegi manne usichukue gari dogo kabisa: mabegi yakionekana kwenye siti mjini, unamwita mwizi.

Mwisho kabisa, kagua siku. Ofisi za miji midogo hufunga Jumamosi mchana na Jumapili kutwa. Fronleichnam nayo, Alhamisi ya siku 60 baada ya Pasaka, ni sikukuu jimbo la Bavaria, mnakopita.

Mama_Pasiansi

Viza: mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ni Ujerumani. Zürich ni ya kuondokea tu. Viza moja ya Schengen inawapitisha Austria na Uswisi pia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ombeni miadi mapema, kwa sababu alama za vidole hutolewa ana kwa ana Dar es Salaam. Hiyo ni nauli nyingine ya ndege au basi, ihesabuni.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka kabla ya kutimiza 12. Huyo wa miaka 13 analipa kama mkubwa, kwa hiyo jumla yenu ni 315, na hairudishwi mkinyimwa. Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000 na ifunike siku zote. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka, na iwe na kurasa mbili wazi. Fomu za watoto mnasaini wazazi wote wawili.

Ndugu yangu, tiketi za treni za bei poa usizinunue kabla ya viza. Hoteli chagua zinazofutika bure.

NyegeziKona

Nimewaelewa, asanteni sana. Nitabadilisha: treni hadi Würzburg, gari Jumatatu hadi Ijumaa. Mke wangu ana zaidi ya miaka kumi barabarani, ila yote upande wa kushoto. Kitu gani kitamsumbua? Na vinyeti za barabara (stika za kulipia barabara kuu) tunazihitaji?

Sheli_Mpya

Kuendesha moja kwa moja hakutamsumbua. Kunasumbua kukata kona kushoto kutoka barabara tupu, na kutoka sheli asubuhi kabla hajachangamka: mkono unarudi kulekule ulikozoea. Wewe kaa pembeni umkumbushe kila mnapoanza kuondoka. Kipilefti cha huko ni kinyume cha jina lake. Unaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na aliye ndani ndiye mwenye haki.

Sheria ya kukariri ni hii: njia panda isiyo na alama wala taa, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata akitokea kichochoro. Mitaa ya makazi imejaa njia panda za namna hiyo, na ndipo wageni wanapogongwa milango.

Mwendo ni 50 mjini na 100 nje ya mji. Kwenye Autobahn (barabara kuu ya mwendo kasi) pasipo na kibao, 130 ndio mwendo unaopendekezwa. Tochi zao hazina trafiki wa kukusimamisha mkazungumza: picha inapigwa, kampuni ya gari inatoa jina lako na kukukata ada yake ya kazi hiyo, faini inafuata baadaye. Kuovateki kwa kulia ni marufuku. Foleni ikianza kusimama kwenye Autobahn, njia ya kushoto kabisa inasogea kushoto, zote nyingine zinasogea kulia, katikati unabaki uchochoro wa magari ya wagonjwa. Unaufungua mapema, kabla ya kusikia king'ora.

Mtoto aliye chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 150 anahitaji kiti maalumu. Kiandike kwenye oda ya gari.

Vinyeti: Ujerumani magari madogo hayalipi. Uswisi ni faranga 40 na ipo ya mwaka tu, ila ninyi mnaingia kwa treni, isahau. Mkitaka kutembelea Bregenz, upande wa Austria, barabara ya A14 kutoka mpaka wa Ujerumani hadi Hohenems haina vinyeti tangu mwishoni mwa 2019. Mkipita hapo mbele, mnahitaji. Ila mwambieni wakala mkiwa kaunta kwamba mtagusa Austria.

RatibaYaReli

Kwenye njia yenyewe msitake kuimaliza yote. Würzburg hadi Rothenburg, Dinkelsbühl, Nördlingen (mji uliojengwa ndani ya shimo la kimondo), Augsburg, Füssen. Laleni Rothenburg usiku mmoja: mabasi ya watalii yakiondoka jioni, mji unabaki wenu. Gari libaki nje ya ukuta, maegesho P1 hadi P5. Penye kibao cha saa ya karatasi (ile ya kuonyesha mlifika saa ngapi, huwekwa nyuma ya kioo cha mbele), zungusha mshale kwenye nusu saa inayofuata baada ya kufika. Ukifika 10:10 weka 10:30.

Siku za Würzburg kabla ya gari, Bayern-Ticket inatosha: tiketi moja ya siku, hadi watu watano, treni za mkoa zote za Bavaria. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi, Jumamosi na Jumapili tangu usiku wa manane, na inaishia saa 9 usiku. ICE haimo, na Frankfurt haimo kwa sababu ni jimbo jingine.

Kasri la Neuschwanstein, karibu na Füssen, lina tiketi za saa maalumu, nunueni mtandaoni mapema. Kutoka maegesho ya Hohenschwangau ni mwendo wa dakika 40 kupanda mlima. Aliyechelewa saa yake haingii.

Lindau ni mji mdogo, kwa hiyo hakikisheni kampuni yenu ina ofisi hapo. Kama haina, rudisheni gari Friedrichshafen, kuna treni ya karibu nusu saa hadi Lindau. Ziwa lenyewe ni kilomita za mraba 536, karibu sawa na kisiwa cha Ukerewe, basi waambieni watoto wasitegemee Nyanza.

Siku ya Zürich muwe makini na stesheni. Lindau-Insel iko kisiwani, lakini treni ya EuroCity ya München–Zürich inasimama Lindau-Reutin, upande wa bara. Teksi ikikuuliza, sema Reutin.