Majirani Kihonda: Malkia anakojoa kizimbani

*Jumatano, saa 2 usiku*

Mama Neema: Majirani habari za jioni. Naombeni mawazo. Mbwa wetu Malkia ana miaka 7, tangu tumfundishe akiwa mdogo hajawahi kuchafua ndani. Hata tukishinda Dar anajibana mpaka turudi. Sasa wiki hii kila alfajiri nakuta kizimba kimelowa chapa. Leo kakojoa hata mchana.

Baba Junior: Pole jirani. Huyo kawazoea 😂 Mpake pua kwenye mkojo wake halafu mtoe nje. Wangu alikoma siku hiyo hiyo.

Mjumbe: Kabla hatujazama kwenye mbwa, mchango wa gari la taka bado nyumba 9.

Bi Zuhura: Mjumbe nawe! Mwenzio ana shida. Mama Neema pole mdogo wangu. Mimi na mbwa mbalimbali, mnanijua, ila huyo akibweka usiku hata mimi nalala kwa amani. Eleza vizuri.

Mama Neema: Asante dada. Baba Neema alimchapa juzi, akainamisha kichwa akarudi kulala palepale penye maji. Hapo ndipo niliposhtuka. Huyu mbwa akikanyaga tope tu anajilamba nusu saa, leo alale kwenye mkojo?

Mwalimu: Kuna mtu kampa dawa yoyote? Wa kwangu aliandikiwa vidonge vya muwasho, predinisoloni. Alikuwa anakunywa maji na kukojoa hadi tukadhani bomba limepasuka. Daktari alipopunguza dozi taratibu, akarudi sawa.

Mama Neema: Hapana Mwalimu, hajapewa kitu.

Baba Junior: Basi mnyime maji kuanzia saa 12 jioni. Asipokunywa atakojoa nini?

Amani: Shikamooni wakubwa. Mama Neema, tafadhali usimnyime maji kabisa.

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, wewe ndiye unayesomea haya mambo ya tiba ya wanyama huko chuo kikuu cha SUA.

Amani: Bado sijamaliza mama, kwa hiyo mimi nauliza tu, daktari ndiye atasema. La kwanza: anaamka tayari amelowa bila yeye kujua, au anaamka anahangaika kutoka?

Mama Neema: Anahangaika. Neema amemsikia usiku anakwaruza mlango wa kizimba na kulia kidogo. Tukichelewa ndiyo anamwaga. Na si kidogo, godoro lake nikiligeuza chini linachuruzika. Mkojo wenyewe mweupe kama maji, hauna hata ile harufu kali.

Amani: Sawa. Kwa hiyo hajasahau mafunzo. Anajua pa kwenda, ila mkojo ni mwingi kuliko anavyoweza kubana. Maji anakunywa kiasi gani?

Mama Neema: Ile ndoo ndogo ya lita 3 naijaza asubuhi. Zamani ilifika kesho yake. Leo saa 7 mchana ilikuwa tupu, nikaongeza, nayo kamaliza.

Amani: Ana kilo ngapi?

Mama Neema: Siku ya chanjo alikuwa 20.

Amani: Mbwa akizidisha mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, hapo kuna tatizo. Yaani kwa Malkia mwisho ni lita 2. Ameshavuka mbali.

Mwalimu: Hiyo si kisukari? Angalia kama sisimizi wanajaa pale anapokojoa.

Amani: Inawezekana Mwalimu, na figo pia zinaweza. Mkojo na damu vitapimwa. Ila kuna jambo nataka kulijua kwanza. Mama, Malkia alishafungwa kizazi?

Mama Neema: Hapana. Alizaa mara moja tu, watoto wanne, mmoja ndiye yule wa kwa Mjumbe.

Amani: Na mara ya mwisho kuwa kwenye joto ni lini?

Baba Junior: Hiyo naikumbuka mimi! Madume ya Kihonda nzima yalilala getini kwangu.

Mama Neema: 😂 Kweli. Ilikuwa kabla ya Nanenane. Kama wiki sita zimepita hivi.

Amani: Anakula?

Mama Neema: Jana aligusa tu. Leo nimempa dagaa na ugali, kanusa akaondoka. Na analala sana.

Amani: Naomba umuinue mkia uangalie kwa nyuma. Kuna uchafu wowote, usaha, damu, harufu? Mshike tumbo taratibu, usiliminye.

Bi Zuhura: Amani, mbona unatutisha?

Amani: Naomba tusubiri kidogo bi mkubwa.

Mama Neema: Hakuna kinachotoka. Lakini anajilamba sana huko nyuma, leo nimemwona mara nyingi. Tumbo limejaa kidogo. Nilidhani amenenepa.

Amani: Mama, nampigia daktari sasa hivi. Usisubiri wiki ijayo. Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi, hasa akishakuwa mtu mzima, mwezi mmoja hadi miwili baada ya joto anaweza kupata usaha kwenye mji wa mimba. Sumu ya bakteria inaingia kwenye damu na kuzuia figo kubana mkojo, ndiyo maana anakojoa maji matupu na kiu haiishi. Mlango wa kizazi ukiwa wazi usaha unatoka, unauona. Ukijifunga huoni kitu, na hapo ndipo pabaya zaidi, mji wa mimba unaweza kupasukia tumboni.

Baba Junior: Duh. Basi lile la pua nimelifuta.

Mama Neema: Baba Neema yuko safari na gari. Nafanyaje?

Bi Zuhura: Gari langu lipo. Mtandikeni shuka nene siti ya nyuma. Twende.

Mjumbe: Zuhura na mbwa garini! Leo nimeona.

Bi Zuhura: Mjumbe nitakupeleka wewe badala yake. Mama Neema, dakika tano niko getini.

Amani: Daktari amepokea, anasema tumlete asipewe chakula. Maji akiomba mpe. Nakuja nanyi.

*Alhamisi, saa 4 asubuhi*

Mwalimu: Jamani, vipi huko?

Mama Neema: Mungu mkubwa. Amepigwa altrasaundi, kweli ni usaha. Usiku amewekewa dripu na antibiotiki ili apate nguvu, asubuhi hii amefanyiwa upasuaji, wametoa mji wa mimba na vifuko vya mayai vyote viwili. Daktari alinionyesha. Kwa kawaida ni mirija miwili myembamba, lakini hii ilikuwa imevimba kama soseji mbili nene. Nilitoka nje nikakaa chini.

Amani: Hakukuwa na mpasuko wowote, ndani ya tumbo kulikuwa safi. Amezinduka ila bado ana usingizi.

Baba Junior: Pole sana jirani. Gharama vipi?

Mama Neema: Ni nzito, siwafichi. Kumfunga kizazi kabla hajaugua kungekuwa rahisi mara kadhaa, daktari mwenyewe kaniambia. Nimelipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi.

Baba Junior: Amani, njoo inbox. Nina jike wa mwaka mmoja na nusu hapa.

*Ijumaa, saa 12 jioni*

Mama Neema: Tumerudi nyumbani. Amekojoa nje mara mbili, mkojo wa njano kama zamani. Amani, kizimba nilitaka kukisugua kwa Jik, harufu imegoma.

Amani: Shikamoo mama. Usimwagie Jik juu ya mkojo, inatoa moshi unaochoma kifua. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, kisha pangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uanike juani. Harufu ya zamani ikibaki, mbwa anaweza kudhani ndicho choo. Na siku 10 hadi 14 asiruke wala kupanda kochi, atoke kwa kamba tu. Ile koni ya shingoni asivuliwe hata akilia, atafumua nyuzi.

Mama Neema: Analia kweli, anagonga kila mlango nayo. Watoto wanacheka mpaka wanalia.

Bi Zuhura: Na shuka langu la garini?

Mama Neema: Nimelifua mara tatu dada, kesho nakununulia jipya.

Bi Zuhura: Jipya ndiyo, tena la maua.

Mjumbe: Nyumba 6 bado. Baba Junior, wewe ni mmojawapo.