Kikundi cha simu cha familia, "Nyumba ya Mkomani", Lamu

Nuru: Assalaam alaykum. Tumefika salama jana. [picha 4]

Khalati Zainabu: Waalaykumsalaam mwanangu. Hii ni hoteli au ngome? Nimehesabu minara nikachoka.

Nuru: Hoteli, khalati. Yaitwa Mohonk Mountain House, huku mlimani jimbo la New York. Ziwa liko hapa chini ya varanda. Kazini kwa babake Maryam wana mkutano wa siku mbili, na wake tukabebwa.

Swaleh: Bibi yuko hapa kando yangu, asema "yeo umevaa soksi? Na mai ya moto yako?"

Nuru: Mwambie yako, na meko iko chumbani, kuni zimepangwa tayari. Televisheni ndiyo hamna. Maryam amelia weee, kisha akalala akiutazama moto.

Ami Athmani: Kwa usiku bei gani?

Nuru: Ami, tumelipiwa. Nikikwambia hutalala.

Swaleh: 😂😂

Ami Athmani: Hapa saa tano usiku na sijalala bado, sema tu.

Nuru: 🙈 Lakini ziwa lenyewe lanishangaza. Halikupwi wala halijai. Tangu asubuhi nimekaa kwenye kiti cha kubembea, na roho yangu ya Kiamu yangoja maji yatoke. Yako palepale, kama yamemwagwa kwenye sinia.

Swaleh: Bibi: "Mai yasokupwa, watu wayuaje saa?"

Nuru: Saa wanaijua kwa chai 😄 Saa kumi jioni inatoka chai na biskuti, foleni utadhani maulidi.  Na usiku babake Maryam kavaa koti juu ya kanzu, akapendeza!

Khalati Zainabu: Mlimani mmepanda?

Nuru: Tumepanda hadi Skytop, mnara wa mawe wa mwaka 1923. Njia nyingine yapita kwenye ufa wa mwamba, huiita Lemon Squeeze, yaani wakamuliwa kama limau. Babake Maryam alikwama tumbo, ikabidi avutwe mkono na kibibi cha miaka sabini. Msimwambie nimesema.

Swaleh: Yumo kwenye kikundi.

Nuru: Ya Rabbi.

Nuru: Haya, lililonishika ni hili. Mwaka 1869 palikuwa na nyumba ndogo ya kuuzia pombe. Wakaja mapacha wawili, Albert na Alfred Smiley, watu wa dini, Wakristo wa madhehebu ya Maquaker. Pombe marufuku, karata marufuku, dansi marufuku. Wakaongeza kipande hiki, kisha kile, mpaka karibu mwaka 1910. Ndiyo maana upande huu mbao, upande ule mawe. Na mpaka sasa mwenyewe ni ukoo uleule.

Swaleh: Bibi: "Hao wetu."

Nuru: Siku hizi pombe yauzwa, lakini mwambie polepole.

Swaleh: Simwambii.

Ami Athmani: Ukoo mmoja tangu 1869? Na hawakugombana?

Nuru: Watagombana tu ami, ni watu. Lakini paa halijaanguka.

Khalati Zainabu: Athmani, hilo la paa umelisikia? 👀

Ami Athmani: Mimi nilisema nyumba yetu tuikodishe. Kuuza sikutaja.

Khalati Zainabu: Mtu wa kukodi hahesabu zidaka za ukutani, bwana. Yule Mzungu aliyekuja kapima mpaka daka la mlangoni! Na ile boriti ya tatu ukumbini imeoza pale inapoingia ukutani. Nikigusa kwa ufagio, unga wamwagika kitandani kwa mama.

Swaleh: Bibi: "Kila usiku nakung'uta shuka."

Ami Athmani: Mbona hamkuniambia?

Khalati Zainabu: Nimekutumia picha mara tatu. Ulijibu dole gumba.

(Dakika ishirini kimya.)

Ami Athmani: Nimezungumza na fundi. Aja Jumamosi, na boriti mbili. Nitanunua na sementi mifuko mitatu, tuzibe nyufa kabisa.

Khalati Zainabu: Sementi!! Athmani, nyumba ya matumbawe yataka chokaa. Ukiipiga sementi unyevu wafungwa ndani, chumvi yausukuma ukuta, na mwakani plasta yote chini. Si uliona kwa jirani?

Ami Athmani: Haya, chokaa.

Nuru: Mimi nachangia boriti moja. Nikifika nyumbani kwangu natuma kwa simu.

Swaleh: Bibi auliza, Jumamosi kitanda chake kitahamishwa na nani, kwa sababu mimi nina mechi.

Khalati Zainabu: Huna mechi.