Injini ndogo ya dizeli ya kuchajia betri za nyumbani (24V): nguvu kiasi gani, aina ipi?

Upepo24

Habari wakuu. Nina betri za asidi za kuongezea maji, 24V 400Ah (ampia-saa), zinachajiwa na sola. Mawingu yakitanda siku tatu nne mfululizo, paneli hazifui dafu na betri zinashuka hadi nusu. Nataka injini ndogo ya dizeli ya kuziinua siku kama hizo.

Nimebaki na machaguo mawili. La kwanza ni 186F, inayopozwa kwa upepo, mizunguko 3000 kwa dakika, hospawa 9 hivi. La pili ni zile za silenda moja iliyolala, zinazopozwa kwa maji, kama R180 au S195. Mzigo wa nyumba wakati wa kuchaji ni wati 250 tu. Nifunge alteneta ya lori (kile kinachochaji betri ya gari) kwa mkanda, au nitumie jenereta ya 230V na chaja? Na je, ni kweli kwamba injini kubwa ni bora kwa kuwa haitateseka?

fundi_puli

Mkuu, usianze na injini. Anza na ampia ambazo betri zinapokea, kisha rudi nyuma hadi kwenye injini.

Betri za asidi za maji hupenda kati ya asilimia 10 na 20 ya Ah zake. Chukua 15: kwa 400Ah ni ampia 60. Ongeza ampia 10 za nyumba, unapata 70. Zidisha kwa 28.8V, ambayo ndiyo volti ya kuchajia benki (kundi la betri) ya 24V, unafika kama wati 2,000. Sasa ndipo watu wanapokosea: alteneta ya gari inageuza asilimia 55 hivi tu ya nguvu inayopokea kuwa umeme, iliyobaki ni joto. Mkanda nao unakula kama asilimia 5. Kwa hiyo injini inatakiwa kutoa karibu wati 3,850, yaani hospawa 5.2.

Injini ya silenda moja ikae kwenye asilimia 75 hadi 80 ya uwezo wake kwa kasi utakayoiendesha. Hapo unahitaji hospawa 6.5 hadi 7. R180 hutoa 7 na ushee kwa mizunguko 2600. Ukiiteremsha hadi 2200 bado inabaki na 6 na kitu, na inadumu zaidi. Hiyo ndiyo ningeichukua.

S195 ni kubwa mno kwa kazi hii. Ina hospawa 12, na betri zikianza kukaribia kujaa zitavuta ampia 15 tu, yaani injini inafanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya nguvu yake. Dizeli isiyopewa mzigo haipati joto la kutosha ndani ya silenda, kwa hiyo mafuta hayaungui yote. Nozeli inayopulizia mafuta inajaa kaboni, ringi za pistoni zinaganda, ukuta wa silenda unang'aa kama kioo na kuanza kula oili, na ekzosi inatema majimaji meusi. Kwa dizeli, kukosa mzigo ndiyo mateso yenyewe.

Ukitaka kusoma majina: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silenda, mbili zinazofuata ni kipenyo cha silenda kwa milimita, na F mwishoni ni kupozwa kwa upepo. R180 ni silenda moja ya milimita 80. 186F ni moja ya milimita 86. 186F ni nyepesi na inabebeka, lakini kelele zake ni nyingi. Kwa kazi ya saa mbili tatu karibu na nyumba, ya maji inashinda.

AmpiaSaa

Hesabu ya fundi_puli iko sawa, ila mimi nisingetumia alteneta ya gari hapa. Kichwa cha jenereta (sehemu ya kuzalisha umeme, bila injini) cha mizunguko 1500 kwa dakika, kinachovutwa kwa mkanda, aina ya ST, kina ufanisi wa asilimia 80 hivi, na chaja nzuri ni 90. Kwa wati 2,000 zilezile kwenye betri, injini inatoa kama hospawa 4 badala ya 5.2. Ukikadiria gramu 280 za dizeli kwa kila kilowati-saa ya injini, hiyo ni lita 1 kwa saa dhidi ya 1.3. Na ukitaka kuwasha mashine ya kuchomelea au pampu, umeme upo.

Tahadhari moja kubwa: chaja. Chaja za bei ya chini zina pawa fakta (wati halisi ukigawa kwa VA, yaani volti mara ampia) ya 0.65 hivi, na wati 2,240 ambazo chaja inavuta zinageuka VA 3,450 kwenye jenereta. Kichwa cha 3kVA kitachemka huku wewe unadhani bado kuna nafasi. Tafuta chaja yenye urekebishaji wa pawa fakta, 0.95 kwenda juu, na kichwa hichohicho kitatosha. Kwa injini inayozunguka 2200, puli ya jenereta iwe kubwa karibu mara moja na nusu kuliko ya injini, kisha rekebisha gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) kwa kupima hezi za umeme: 52 bila mzigo ili mzigo ukija iteremke hadi 50.

fundi_puli

Nakubali kuhusu dizeli. Faida ya alteneta ni vipuri na urahisi wa kutengeneza. Akiichagua, azingatie haya.

Namba iliyoandikwa kwenye alteneta ni ya ikiwa baridi. Kwa ampia 70 mfululizo chukua ya 28V 100A. Puli ya alteneta ikiwa milimita 60, ya injini iwe 130. Kwa 2200 alteneta inazunguka kama 4,750, na feni yake inavuta hewa ya kutosha. Mkanda mmoja wa V mwembamba utateleza na kuungua. Funga wa mifereji minane, 8PK.

Regyuleta (kidhibiti cha volti) ya ndani ya alteneta ya gari hukaa kwenye 28.2V hivi na hupunguza ampia mapema. Weka ya nje, na waya wake wa kupimia volti uende hadi kwenye nguzo za betri, si kwenye alteneta. Weka pia swichi kwenye waya wa fildi (unaopeleka umeme kwenye sumaku ya alteneta). Washa injini, iache ipate joto dakika tano, ndipo uwashe fildi. Ukimaliza, zima fildi kwanza. Usichomoe kamwe waya wa betri alteneta ikiwa inachaji: volti inaruka ghafla na daiodi zinakufa papo hapo. Kebo ya shaba milimita za mraba 25 kwa umbali wa mita 3, fyuzi ya 125A karibu na betri.

Zege_na_Bolti

Naongeza upande wa injini. R180 ina kilo 70 hivi na inatikisika. Msingi wa zege wa sentimita 90 kwa 60, kina 30, unafika karibu kilo 400 na unaituliza. Bomba la dizeli liwe na kipande cha mpira, la sivyo mtikisiko utalipasua kwenye nati. Ekzosi itoke nje kabisa kwa sababu ya kaboni monoksaidi, na betri zisikae chumba kimoja na injini, maana zikichajiwa hutoa haidrojeni.

Maji kwenye tangi la juu hupungua kwa kuchemka. Hiyo ni kawaida yake. Ongeza kabla hayajaisha, tena maji laini, ya mvua ni mazuri. Yakikauka injini ikiwa ya moto, zima na usubiri ipoe. Ukimwaga maji baridi hapo, hedi (kifuniko cha silenda) inapasuka.

Oili 15W-40 ya dizeli: mwage ya kwanza baada ya saa 25 hivi, halafu kila saa 100. Filta ya hewa yenye oili isijazwe kupita alama. Ikizidi, injini inainyonya na kuichoma kama mafuta, mizunguko inapanda yenyewe na kufunga dizeli hakusaidii. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitambaa kizito kilichokunjwa, kamwe si kwa kiganja. Ubao huo ukae pale pale karibu na injini.

Upepo24

Nimeelewa, naelekea kwenye R180. Swali la mwisho: niendeshe mpaka betri zijae?

AmpiaSaa

Hapana. Kutoka 50% hadi 80% ni Ah 120. Kwa ampia 60 ni saa mbili na robo hivi. Asilimia 20 za mwisho zinachukua saa nyingi kwa ampia kidogo, na hapo ndipo injini inapokosa mzigo. Ampia za betri zikishuka chini ya 30, zima, paneli zitamalizia. Jua lisipotoka wiki nzima, endesha mara moja hadi mwisho, maana betri za asidi zikikaa bila kujaa muda mrefu hushika salfa. Siku hiyo washa pasi au birika nyumbani ili injini iwe na kazi.