Kontena "limefika jana": kwa nini Kiingereza kinakataa "has arrived yesterday"?

Karani wa Kurasini

Habari za leo, wanajukwaa. Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaandikia wateja wa Zambia na Malawi barua pepe za Kiingereza kuwaeleza mizigo yao imefikia wapi. Wiki iliyopita niliandika "The container has arrived yesterday", na msimamizi wangu akanirudishia barua ikiwa na mstari mwekundu chini ya maneno "has arrived", bila maelezo yoyote. Nikaandika upya "had arrived yesterday", nikidhani kwamba kwa kuwa jambo limekwisha kupita, dawa yake ni kulisogeza nyuma zaidi. Ikarudi tena.

Kinachonitatiza ni kwamba kwa Kiswahili tunasema kila siku "kontena limefika jana", na shuleni tulifundishwa kwamba -me- ni "has" au "have". Naomba mwenye ujuzi anieleze ni jambo gani hasa linalomfanya mtu achague kati ya "arrived", "has arrived" na "had arrived". Kanuni ya kukariri ninayo tayari, na haijanisaidia.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Karani, kosa lako nimelisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi kwa miaka mingi, na ninakuhakikishia kwamba halitokani na uvivu. Linatokana na kukijua Kiswahili vizuri. Kiambishi -me- hutazama matokeo: kontena lipo bandarini, hilo ndilo jambo kubwa, na siku lililofika ni nyongeza tu. Ndiyo maana katika mazungumzo -me- haioni taabu kukaa pamoja na "jana", ingawa katika maandishi ya uangalifu wengi wetu tungependelea "lilifika jana".

Kiingereza hakina uvumilivu huo. Neno "has" lenyewe ni la wakati uliopo, na sentensi yenye "has arrived" inazungumzia hali ya sasa. Ukiweka kando yake neno linaloufunga wakati, kama "yesterday", "last week", "at ten o'clock" au "in 2016", sehemu mbili za sentensi zinavutana. Kwa hiyo tunasema "The mwendokasi buses started in 2016", wala hatusemi "have started in 2016", hata kama mabasi hayo tunayapanda mpaka leo. Jiulize kama kipindi unachokitaja kimefungwa au bado kiko wazi. Saa nne asubuhi unaweza kumwandikia mteja "I have called the shipping line this morning", kwa sababu asubuhi haijaisha. Ukimwandikia saa tisa alasiri, andika "I called". Jambo ni lile lile na simu ni ile ile, ila asubuhi imekwisha kufungwa.

Wakati mwingine kinachofunga wakati ni uhai wa mtu. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, nasi husema "Nyerere translated two plays", hata pasipo kutaja mwaka, kwa kuwa aliyefanya kazi hiyo alifariki mwaka 1999. Mfasiri aliye hai, anayeweza kuongeza ya tatu kesho, tutamwambia "has translated".

Sasa "had". Hili halina uhusiano na umbali wa jambo. Mambo ya miaka elfu iliyopita hayahitaji "had", na ya dakika tano zilizopita yanaweza kuihitaji. Simama Kivukoni, unataka kuvuka kwenda Kigamboni. "When I arrived, the ferry left": ulifika, kisha pantoni ikaondoka, huenda nawe ukiwa ndani. "When I arrived, the ferry was leaving": ulikuta inang'oa nanga na watu wanakupungia mikono. "When I arrived, the ferry had left": ulikuta maji matupu. Kwa hiyo "had" hutaka matukio mawili yaliyopita, na hukaa kwenye lile lililotangulia. Barua yako ilikuwa na tukio moja tu, ndiyo maana ilirudi mara ya pili. Kwa Kiswahili tungesema "pantoni ilikuwa imeondoka", na ukiona -likuwa ikifuatwa na -me- ujue hapo ni mahali pa "had".

Mfasiri wa Upanga

Shikamoo Mwalimu. Mfano wa pantoni nitauazima, lakini naomba kwa heshima niongeze jambo kwenye sentensi yako ya mwisho, kwa sababu limewahi kunigharimu katika kazi ya tafsiri. Kuna vitenzi vya Kiswahili ambavyo -me- yake inataja hali aliyomo mtu: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba. Hapa "has" haina nafasi. "Amelala" ni "He is asleep", na "amevaa kanzu" ni "He is wearing a kanzu". Ukivipeleka vitenzi hivi nyuma, "nilipofika alikuwa amelala" inakuwa "When I arrived, he was asleep". Niliwahi kuandika "he had slept" katika maelezo ya shahidi, na msomaji wa Kiingereza akaelewa kwamba mlinzi alikuwa amekwisha kuamka, ilhali shahidi alisema alimkuta usingizini. Maana iligeuka kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "had", mtu ajiulize kama kitenzi kinataja tendo lililokamilika, kama kuondoka, au hali inayoendelea, kama kulala.

Nimtahadharishe pia Ndugu Karani kuhusu -ka-. "Nilikwenda bandarini, nikaonana na karani, nikalipa" ni "I went to the port, met the clerk and paid". Wengi hutupia "had" katikati wakidhani mfuatano unaihitaji. Mambo yakisimuliwa kwa mpangilio yalivyotokea, wakati uliopita wa kawaida unatosha.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, Mfasiri. Umenisahihisha, nami ninakubali: nilisema kwa ujumla mno.

Msomaji wa Tabata

Mbona katika filamu za Kimarekani nasikia "Did you eat yet?" mahali ambapo shuleni tungeandika "Have you eaten yet?"

Mfasiri wa Upanga

Umesikia sawasawa. Wamarekani mara nyingi hutumia wakati uliopita wa kawaida pamoja na "yet", "already" na "just", na kwao si kosa. Mitihani yetu na barua zetu za kikazi hufuata zaidi desturi ya Uingereza, basi andika "have". Hata hivyo, Mmarekani naye hakubali "has arrived yesterday". Katika hilo pande zote mbili ni wamoja.

Karani wa Kurasini

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Mfasiri. Nimeiandika upya barua, naomba mnikague: "The vessel berthed on Monday and the container was offloaded yesterday. Customs has released it. We are waiting for the delivery order since Monday." Nimeweka "has released" kwa sababu sikutaja siku, na anachohitaji mteja ni kujua kwamba sasa mzigo uko huru.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sentensi mbili za kwanza ni safi, na sababu uliyoitoa ndiyo yenyewe. Ya tatu imefuata Kiswahili, ambamo "tunasubiri tangu Jumatatu" haina kasoro. Kwa Kiingereza, jambo lililoanza siku iliyopita na bado linaendelea hudai "have been": "We have been waiting for the delivery order since Monday". Ukitaka kuhesabu siku badala ya kutaja ilipoanzia, acha "since", andika "for three days". Rekebisha hapo, kisha mtumie mteja.