Watoto wa chekechea wananichorea bata mzinga akiogelea. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Awali
Habari zenu walimu wenzangu na wazazi. Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano. Wiki hii tuko kwenye ndege wanaofugwa, tumefika kwa bata mzinga. Niliwaomba wamchore kabla sijawaonyesha picha yoyote, na karibu wote wamemweka majini. Nikawaambia huyu si bata. Mmoja akanitazama kwa huzuni, akasema, "Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyemwita bata." Nilikosa jibu la kumtosha mtoto wa umri ule. Wengi hawajawahi kumwona na siwezi kumleta darasani. Naombeni shughuli za mikono, maana nikiongea zaidi ya dakika tano nimeshawapoteza.

ChakiNyeupe
Mwalimu, kosa lao usilifute, lifanyie kazi. Anza na miguu. Weka beseni la maji, kila mtoto atanue vidole apige maji kama anaogelea. Kisha mvike mkono mfuko laini wa plastiki, atanue tena vidole na kupiga. Atahisi mwenyewe jinsi maji yanavyosukumwa zaidi. Huo mfuko ndio utando wa mguu wa bata. Baada ya hapo waonyeshe picha ya mguu wa bata mzinga: vidole vimeachana, hakuna utando, ni mguu wa kutembea na kuparua ardhi kama wa kuku. Hutahitaji kuwaambia kwamba ukoo wake ni wa kuku, kanga na kwale. Watakuambia wao.

Mifuko uikusanye yote mara tu mnapomaliza, isibaki mikononi mwa watoto.

Mfugaji Mzoefu
Mimi si mwalimu ila nimewafuga miaka mingi. Kitu watoto wanachokipenda kwangu ni kichwa cha dume. Hakina manyoya, na ngozi yake hubadilika rangi kufuatana na hali yake: nyekundu, buluu, nyeupe. Wape duara la karatasi na rangi hizo tatu, wageuze kichwa chake mara amekasirika, mara ametulia. Ile nyama inayoning'inia juu ya mdomo msiisahau, hurefuka dume anapojitanua na kufungua mkia kama kipepeo cha mkono.

Pia dume hujibu kelele. Ukipiga kofi kubwa, naye anatoa gulugulugulu. Mtoto mmoja apige kofi, darasa zima lijibu.

Ukipata manyoya halisi, yaoshe kwa sabuni uyaanike, na watoto wanawe mikono baada ya kuyashika. Ndege hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima kabisa.

Mama Pacha
Naona bado hakuna aliyetaja kuchora kiganja, gumba likawa kichwa na vidole vinne mkia. Ni kazi nzuri, ila isiwe ndiyo somo lote. Wanangu wameleta viganja nyumbani miaka miwili na hawajui hata bata mzinga anatafunaje.

Hana meno! Humeza vijiwe, na firigisi husaga chakula kwa vijiwe hivyo. Tia mkate mkavu na kokoto kwenye mfuko wa kitambaa, watoto waukande kwa zamu mpaka mkate uwe unga.

Kwa hesabu, tundika kalenda ya yai. La kuku huanguliwa kwa siku 21 hivi, la bata mzinga 28. Kila asubuhi wabandike duara moja. Zile siku saba za ziada watazihesabu bila kusukumwa.

Mwalimu wa Awali
Mungu awabariki. Leo tumefanya ya beseni. Yule mtoto aliyeniuliza amepiga maji muda mrefu kuliko wote, kisha akaomba karatasi mpya. Amemchora bata mzinga amesimama chini ya mti, na ziwani amemwacha bata peke yake. Kesho ni firigisi. Mama Pacha, kokoto za ukubwa gani?

Mama Pacha
Kubwa kiasi cha kutoingia mdomoni mwa mtoto, na mfuko uushone, usiufunge kwa kamba tu. Wangu waliufungua.

Mfugaji Mzoefu
Huyo aliyechora mti mwambie amepatia. Bata mzinga wa porini hulala juu ya miti usiku.