Fundi wa silaha amenitoza mara tatu na kuulaumu mkono wangu, kumbe kosa ni lake

Waungwana, nimejizuia siku tatu nisiandike haya kwa matusi. Ninamiliki kwa leseni bastola ndogo ya milimita 9, ambayo mtutu wake haufiki inchi 4, kwa sababu biashara yangu ya nafaka hunilazimu kusafiri na fedha taslimu kati ya Njoro na Nakuru mjini. Mwezi wa tano ilianza kunisumbua katika uwanja wa shabaha: mara moja moja ganda tupu lilibanwa na slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua, likasimama wima kwenye tundu la kutolea maganda badala ya kuruka nje. Niliipeleka kwenye duka lenye kibali, ambalo sitalitaja, nikalipa shilingi 4,500 ili isafishwe pamoja na magazini zake, vile vikasha vya risasi vinavyoingia kwenye mpini.

Nitasema haki: maganda hayakukwama tena, kwa kuwa masizi yalikuwa yamejaa chini ya ndoano inayochomoa ganda. Ila sasa iliyokwama ilikuwa risasi nzima. Iliinamisha pua, ikajikita chini ya mteremko unaoipeleka kwenye chemba, mahali risasi inapokaa ili ifyatuliwe, na slaidi ikaishia nusu ya safari. Niliporudi, fundi hakufyatua hata risasi moja. Aliivuta slaidi mara mbili, akanitazama, akasema, "Mzee, bastola haina neno, ni mkono wako umelegea." Shilingi 3,000. Safari ya tatu lawama zikahamia kwenye vumbi, akanikumbusha kwa kicheko kwamba hata jina la Nakuru kwa Kimaasai ni la vumbi. Shilingi 2,000.

Sikatai kwamba mkono uliolegea hukwamisha bastola. Slaidi haiwezi kurudi nyuma hadi mwisho isipokuwa fremu, yaani sehemu ya chini yenye mpini, imeshikwa imara, na bastola fupi haisamehi kosa hilo, kwa kuwa slaidi yake ni nyepesi, springi yake ni ngumu, na mwendo wake ni mfupi mno hivi kwamba magazini ina muda mdogo sana wa kuinua risasi inayofuata. Lakini mkono wangu ungekuwa na kosa, ungekosea kwa kila magazini. Jumamosi nilizitia alama magazini zangu tatu kwa rangi ya kucha ya binti yangu, nikafyatua risasi za pakiti moja, kisha nikamwomba mkufunzi wa uwanja, mtu mwenye kiganja kama cha mwashi, afyatue mbele yangu. Ya kwanza na ya tatu hazikukwama hata mara moja. Ya pili ilikwama mara saba, nne kwangu na tatu kwake.

Tuliifungua papo hapo mezani, tukaiweka kando ya ile ya kwanza. Katika ile nzima, ncha ya juu iliyoinuka ya springi inayosukuma risasi juu ilielekea mbele, upande wa pua ya risasi. Katika ya pili ilielekea nyuma. Kwa hiyo kisahani kinachobeba risasi kilikuwa kimelala kifudifudi, na risasi haikuwa na budi kuinama nacho. Mimi sijawahi kuifungua magazini hiyo tangu niinunue. Aliyeifungua ni mmoja tu, siku ile ya shilingi 4,500. Mkufunzi aliigeuza springi kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai, nikafyatua risasi 40 bila kukwama.

Hiki si kiatu kilichoshonwa vibaya. Ni silaha niliyorudishiwa mara tatu nikiambiwa iko sawa, nikaitia kiunoni na kushika barabara usiku. Nimewatumia picha za springi zote mbili na kudai shilingi 5,000 nilizolipa baada ya kosa lao wenyewe. Jumanne walinijibu kwamba niilete bastola waiangalie tena, kwa ada ya kawaida.