Tupeane uzoefu: Kukesha nje kutazama vimondo na nyota za mkia

Wadau, habari za wakati huu.

Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete, Rujewa kule Mbarali ilijaa watu kutoka pande zote. Tangu siku ile najiuliza kwa nini vimondo havivuti hata robo ya umati ule. Kupatwa kwa jua namna ile, ukikuona kijijini kwako mara moja maishani umebahatika. Vimondo vinakuja kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana, havina kiingilio, havihitaji miwani, na anga letu bado lina giza ambalo wenzetu wa miji mikubwa ya Ulaya wanalifungia safari.

Wapo wanaokesha, nawajua wachache. Nataka hapa tuweke simulizi zetu: mlikuwa wapi, mliona nini, kipi kiliharibu usiku wenu na kipi kiliwafanya mrudi. Picha si lazima.

Naanza mimi. Nafundisha fizikia sekondari, na kila Desemba, mvua ikituruhusu, tunakwenda Isimani, nje ya Iringa mjini, na wanafunzi na wazazi wao. Kwanza taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, maana kundi la watu waliolala chini gizani bila maelezo linatia watu hofu. Usiku wetu ni wa tarehe 13 kuamkia 14, kilele cha vimondo vya kundi la nyota la Mapacha. Desemba 2023 ndiyo tuliyopata anga zuri kuliko zote: mwezi ulikuwa umeandama tu, kwa hiyo giza usiku kucha.

Huku kwetu Mapacha huchomoza kaskazini mashariki kwenye saa 3 usiku. Saa hiyo vimondo ni vichache lakini ndivyo virefu, kwa sababu vinaingia kwenye hewa kwa mshazari na kuambaa mbali kabla ya kuisha. Kimoja kilitokea upande wa Dodoma, cha manjano, kikapita juu yetu taratibu kiasi kwamba mama mmoja aliwahi kumgusa bega mwanawe, na mtoto akakiona. Mayowe yaliyofuata yaliwaamsha mbwa wa kijiji kizima.

Kwenye saa 5 akaja mzee mmoja wa pale kuuliza tunafanya nini. Akakaa nasi. Akanyoosha fimbo juu akatuonyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, na kusema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kisha akawaeleza vijana jinsi baba yake alivyokuwa akikiangalia alfajiri kabla ya kuamua siku ya kuandaa shamba. Darasani sijawahi kupata usikivu kama ule, na nasema hivi kwa furaha. Karibuni.

Kutoka Nairobi

Asante mwalimu. Mimi naanza na machungu. Kuna waandalizi fulani hapa jijini, sitawataja, walituuzia tiketi za kutazama vimondo vya Agosti kwenye paa la hoteli. Tangazo lilisema vimondo mia kwa saa. Agosti Nairobi ni baridi na mawingu, kila mkazi anajua hilo, na paa lenyewe lilikuwa na taa kila kona. Tulikaa kuanzia saa 2 usiku, ilipokaribia saa 6 tukaondoka bila kuona hata kimoja. Hakuna aliyetuambia kwamba kwetu huku ikweta lile eneo la anga ambako vimondo hivyo hutokea, kundi la Perseus, halichomozi mpaka karibu na usiku wa manane. Tuliondoka wakati kazi ndiyo inaanza! Pesa iliuma, lakini kilichoniuma zaidi ni mpwa wangu wa miaka tisa, aliyesema hataki kusikia tena habari za nyota.

Mwaka uliofuata nilimbembeleza tukaenda Samburu, familia mbili. Nilipata wazo kwa kusoma kuhusu Susan Murabana na mumewe Chu Owen, walioanzisha The Travelling Telescope mwaka 2014 na wanaozungusha darubini mashuleni. Tulilala mapema, tukaamka saa 8 usiku. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri vimondo vilikuja kutoka kaskazini, vingine viwili kwa mpigo, vingine tukingoja dakika tano nzima. Mpwa wangu ndiye aliyekataa kurudi hemani. Mchungaji mmoja aliyekuwa ameamkia mifugo yake alikuja tukanywa chai pamoja, akatuambia yeye huviona karibu kila usiku akiwa malishoni, na akatuonyesha pa kuangalia ili tusikodolee upande mmoja tu.

Mwanzisha mada

Pole sana dada, na hongera kwa kumrudisha huyo kijana. Naomba hapa niseme jambo ambalo linanikera. Hizo 100 au 120 kwa saa ni hesabu ya mtu aliye kwenye giza kamili, anga lote wazi, chanzo cha vimondo, yaani lile eneo la anga vinakoonekana kutokea, kikiwa utosini. Samburu chanzo cha vimondo vya Agosti hupanda kidogo tu kuzidi theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Iringa hakifiki hata hapo. Vingi vinaungua chini ya upeo wetu, hatuvioni. Mwandaaji anayetangaza namba kubwa bila kusema hayo anawafukuza watu ambao wangekuja kuipenda kazi hii maisha yao yote. Mimi huwaambia wazazi wategemee kimoja kila baada ya dakika mbili tatu usiku wa Desemba. Vikizidi, wanashangilia.

Kutoka Makunduchi, Unguja

Asalaam aleikum. Langu ni la nyota ya mkia, ile Tsuchinshan–ATLAS ya mwishoni mwa Septemba 2024.

Wavuvi ndio walioanza kuisema. Wakitoka usiku waliiona mashariki, juu ya bahari. Habari zikafika skuli, na mwalimu mmoja akatangaza kwamba anayetaka aje pwani baada ya swala ya alfajiri. Basi watu walitoka msikitini moja kwa moja hadi ufukweni, wanawake tukawa tumeshatangulia na watoto. Ilikuwa chini chini, juu kidogo ya mstari wa maji, kichwa kidogo chenye mng'aro na mkia umesimama kuelekea juu. Kwa macho matupu mkia ulikuwa hafifu. Kwa darubini ya mkono iliyokuwa ikizunguka kutoka mtu hadi mtu, ulizidi mara kadhaa upana wa mwezi. Tulikuwa na muda mfupi tu, kwani weupe wa asubuhi ulikuja ukaimeza kuanzia kwenye mkia, kichwa kikabaki mwisho.

Mwalimu alitueleza kwamba ilionekana kwanza mwaka 2023 kutoka China na kwa darubini za ATLAS zilizoko Afrika Kusini, na kwamba baada ya kulizunguka jua itahamia magharibi jioni. Na kweli, katikati ya Oktoba tuliiona baada ya magharibi, ingawa mwezi mpevu wa tarehe 17 uliififisha. Mwanangu aliuliza itarudi lini. Akaambiwa huenda baada ya makumi ya maelfu ya miaka, na huenda isirudi kabisa. Tangu hapo kila nikimwamsha alfajiri anaamka bila ugomvi.

Bibi yangu hakuja. Kwake nyota ya mkia ni dalili ya vita au maradhi, na nilimheshimu, sikubishana naye. Kuna waliouliza pia kama inafaa kukaa kutazama vimondo, kwa kuwa tumefundishwa kwamba ni vya kuwapigia mashetani. Mimi naamini niliyofundishwa, na katika Suratul Mulk imesemwa mbingu ya karibu imepambwa kwa mataa. Pambo huwekwa litazamwe.

Kutoka Vwawa, Songwe

Hofu iko hata huku Mbozi, na sisi tuna sababu, kwani jiwe lenyewe tunalo. Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16, karibu chote chuma na nikeli kidogo. Tulipoitisha mkesha wa kwanza swali lililotangulia ni hili: na likianguka jingine kama lile tukiwa tumelala hapa?

Ilibidi tulieleze kwa kina. Dunia inakatiza njia ya vumbi lililoachwa na nyota ya mkia. Vumbi hilo ni punje nyingi zisizozidi mchanga, zinaingia kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde, na zinaishia huko juu, kilomita 80 hadi 100 kutoka ardhini. Hakuna inayotufikia. Kile cha Ndolezi ni kipande cha chuma kilichotoka katika asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka jua, hakina uhusiano na usiku wa Agosti wala wa Desemba. Ni kweli vimondo vya Desemba navyo chanzo chake ni asteroidi, inaitwa Phaethon, ila kinachotufikia kutoka kwake ni vumbi pia.

Maneno hayakutosha. Mchana uliofuata tukawapeleka waliokuwa na wasiwasi wakakishike. Ukipitisha kidole pale kilipokatwa kwa msumeno unaona chuma kinavyong'aa ndani, tofauti kabisa na kile cheusi cha nje. Mama mmoja aliyekuwa amekataa kulala nje akasema, "Kumbe ni mgeni aliyefika salama." Mkesha uliofuata alikuja na majirani zake.

Kutoka Tabora

Wanangu, nimezisoma zote. Mimi ni mstaafu. Mwaka 1986 nilikuwa mwanafunzi wa bweni hapa Tabora, na mwalimu wetu alituamsha usiku Aprili ile kuitazama nyota ya mkia ya Halley. Tulikuwa tumeona kwenye kitabu picha ya mwaka 1910, mkia mrefu. Tukaonyeshwa doa la ukungu. Wengi walirudi kulala wakinung'unika.

Mwalimu hakuwalaumu. Tuliobaki alituambia kwamba mwezi uliotangulia, Machi 14, chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita umbali wa kilomita kama 600 tu kutoka kwenye kiini cha doa lile na kukipiga picha. Akanyamaza, akatuacha tutazame. Sikuona mkia siku ile wala baadaye, lakini nilitazama mpaka shingo ikauma, kwa kuwa sasa nilijua ninatazama nini. Hadi leo naamini mwandaaji mzuri wa mkesha ni yule anayekwambia unatazama nini.

Halley itarudi 2061, mimi sitakuwepo. Lakini vumbi lake linatufikia mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Mei na tena kwenye Oktoba 21. Hivi vya Mei vinatupendelea sisi wa kusini kuliko watu wa Ulaya, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Tarehe 5 au 6, toka nje saa 10 alfajiri, tazama mashariki kundi la Ndoo. Ni vya kasi sana, kilomita 66 kwa sekunde, na vingine huacha mchirizi unaobaki angani baada ya chenyewe kupotea. Wajukuu wangu nawaamsha kila mwaka. Wakubwa watakapomuona Halley mwenyewe watakuwa wanaukaribia umri wangu wa sasa.

Kutoka Muscat

Shikamoo mzee wa Tabora, umenigusa sana. Sisi huku tunapanda Jebel Shams, karibu mita 3,000, na jamaa ambao wengi wazee wao walitoka Unguja na Pemba, na mkesha wetu ni wa Kiswahili mwanzo mwisho. Desemba anga ni kavu, na Mapacha hupita karibu na utosi, kwa hiyo tunaona vingi kuliko nyinyi. Baridi ni kali, mablanketi mawili kwa mtu.

Adui wetu ni taa za magari ya wanaochelewa. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na gari moja likiwasha taa zote za mbele kundi zima linaanza upya. Sasa tumekubaliana magari yanaachwa chini kwenye kona, watu wanamalizia kwa miguu, na tochi za simu zinafunikwa kitambaa chekundu. Tumepoteza wachache wasiopenda kutembea. Waliobaki wanapata usiku mzuri zaidi.

Kutoka Dodoma

Tuko kama familia nne hapa, hatujawahi. Mwaka huu wa 2026 tushike tarehe ipi? Na darubini tutaipata wapi?

Mwanzisha mada

Agosti 12 kuamkia 13 hakuna mwezi kabisa na Dodoma huwa kukavu, tokeni saa 9 alfajiri mkiangalia kaskazini. Kilicho bora zaidi ni Desemba 13 kuamkia 14: mwezi utakuwa mchanga na utazama kabla ya saa 6 usiku. Kuanzia hapo hadi saa 10 ndio wakati wenu. Wingu likitanda msifunge virago haraka, Desemba huwa linafunguka usiku.

Darubini acheni, inaonyesha kijisehemu kidogo sana cha anga na kimondo hakisemi kitapita wapi. Chukueni mikeka, mashuka mazito na chai, na mtoke nje ya mji mpaka msione tena mwanga wa taa upande mnaoutazama. Mzee wa kijiji mtakachokwenda mwambieni mapema, tena mkaribisheni aje.